Kadi Iliyojitaja Vingine

Mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na kazi hiyo ilikuwa imemfunza jambo moja kuliko mengine yote: indiketa ni ahadi tu. Gari linaweza kuwasha taa ya kulia likakata kushoto, kisha mwenye gari akakutolea macho kana kwamba kosa ni lako. Ndiyo maana mguu wake haukubanduka kwenye ile breki ya pili iliyofungwa upande wa abiria. Wanafunzi wake, ambao wote walikuwa wameshasimamishwa ghafla nusura paji la uso ligonge kioo, walimbatiza Mwalimu Breki, na jina likamkaa. Hata sokoni hakubadilika. Muuza nyanya akimpunguzia bei kabla hajaomba, alizigeuza nyanya zote juu chini kutafuta iliyooza.

Starehe yake ilikuwa gemu ya malori. Mchana kutwa alikaa kiti cha pembeni akiwatazama wengine wakishika usukani. Jioni alishika wake. Aliicheza na mdogo wake wa kiume, aliyekwenda nchi ya mbali kufanya kazi ya uuguzi. Kila mmoja alivaa vipokea sauti vya simu masikioni, akapanda lori lake, wakafuatana kwenye barabara za kubuni huku wakipiga soga. Yale ambayo mdogo wake hakuyasema kwenye simu za salamu, kwamba wodi inamchosha, kwamba kuna siku hazungumzi na mtu ila wagonjwa, aliyasema akiwa amekodolea macho kilima cha lami kisichokuwepo duniani.

Kisha likaja toleo jipya la gemu, na mdogo wake akahamia huko. Kompyuta ya Mwalimu ilijaribu kumfuata. Ikavuma kama mashine ya kusaga, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima moja kwa moja.

Alimwita binamu yake, mtoto wa shangazi yake, fundi kompyuta mwembamba ambaye ukoo mzima ulimwita Waya. Waya alifungua mfuniko, akachungulia, akaufunga tena kwa adabu.

"Dada, hapa hakuna mgonjwa," alisema. "Hapa kuna marehemu."

"Basi tujenge mpya. Na safari hii nataka ya kuzeekea nayo. Sitaki mwaka kesho niambiwe tena imepitwa." Fedha aliyokuwa nayo ilitosha kununua mara moja, haikutosha kukosea. "Nianze na nini?"

"Anza na bodi, ile inayobeba vifaa vyote, na pawa saplai ya kuvigawia umeme."

"Si kadi ya picha? Video zote nilizotazama wanasema kadi ndiyo roho ya gemu."

"Kadi ndiyo inayoonekana," Waya alisema, akajifuta vumbi kwenye suruali. "Lakini hakuna kadi utakayonunua leo ambayo haitazeeka. Bodi ikiwa na nafasi ya kukua, na umeme wake ukiwa safi na wa kutosha, baadaye utachomoa kadi tu na kupachika nyingine. Weka msingi wa ghorofa, uanze kwa kujenga chumba kimoja. Kadi tutafute ya wastani."

Yalikuwa maneno ya busara, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Mwalimu. Kwa nini mtu amshauri aelekeze fedha kwenye vitu vinavyofungiwa ndani, visivyoonekana kwa macho, halafu abane kwenye kile kimoja ambacho angeweza kukiona kikifanya kazi? Mtu akitaka kukupunja, aliwaza, hakupunji sebuleni. Hukupunja stoo.

Wasiwasi ulikua walipokwenda kununua. Waya hakutaka kusikia duka lingine lolote ila la mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Stoo, ghorofa ya pili ya jengo ambalo ngazi zake zilinuka rangi mbichi. Maboksi yalipangwa mpaka darini, na mwenyewe alikaa katikati yake kama kuku anayeatamia. Waya na Mama Stoo walizungumza kwa sauti ya chini, lugha yao ya namba na herufi. Wakachagua bodi, prosesa, pawa saplai nzito kama tofali, vipande viwili vya ramu na diski nyembamba isiyozidi kidole.

"Na kadi?" Mama Stoo aliuliza.

"Kadi nitaifikiria," alijibu Mwalimu.

Akajifanya anatazama feni zilizopangwa ndani ya kabati la kioo. Kwenye kioo hicho alimwona Mama Stoo akimpa Waya mkono wa kwaheri, na mkono ule ukakawia kuachia. Waya alipoutoa, aliupeleka mfukoni ukiwa umefumbwa.

Njia nzima Mwalimu aliyapakata maboksi mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Kesho yake alimpigia simu shangazi yake, mama yake Waya.

"Shangazi, hivi Waya siku hizi kazi zinamwendeaje?"

"Zinakwenda. Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Wewe tangu utotoni hujawahi kuuliza tu. Kakuibia nini?"

"Hajaniibia, shangazi!"

"Mwanangu namjua," alisema shangazi, na nyuma yake mlio wa sufuria ukasikika. "Nikimtuma nyama, kipande kitadokolewa njiani. Lakini mchanga mchuzini hajawahi kutia."

Shangazi alikusudia kumtuliza. Mwalimu akaondoka na nusu ya kwanza ya maneno hayo, ya pili akaiacha hewani.

Ndipo alipokwenda peke yake kutafuta kadi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na jengo la Mama Stoo, palikuwa na duka la chini lenye taa za rangi na kiyoyozi. Muuzaji wake alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama visu, na alikuwa na tabasamu lisilochoka. Hata akiwa anatafuta funguo alikuwa anatabasamu. Mwalimu alimpa jina hapo hapo, kimoyomoyo: Tabasamu.

Tabasamu alimpa kiti. Alimpa maji. Alimwuliza amenunua nini mpaka sasa, na alipotajiwa pawa saplai, akashika kifua.

"Nani kakuuzia hiyo, mama?"

"Kwa nini?"

"Basi, si vizuri kusema wenzetu." Akainamisha kichwa. "Lakini kuna mafundi na wenye maduka wana urafiki wao. Mteja ndiye anayelipia huo urafiki. Wewe unaonekana mtu makini, bila shaka umeshaliona hilo."

Mwalimu alihisi kama mtu aliyekuwa akipiga kelele peke yake gizani, mara akaitikiwa. Kumbe hakuwa mwehu! Tabasamu akateremsha kadi rafuni, pana, yenye feni mbili zinazometa. Imetumika kidogo sana, alisema, na mtu wa ofisini aliyeandikia barua tu. Akaipachika kwenye kompyuta ya dukani, na jina la kadi likajitokeza kwenye skrini: kadi kubwa, ile ile iliyosifiwa kwenye video, kwa bei ya kadi ya wastani.

Huyu mwanamke asiyeamini indiketa, aliyepekua nyanya za watu, hakujiuliza kwa nini kitu kizuri hivyo kiuzwe rahisi hivyo. Mtu aliyekubaliana na shaka zake hakumtilia shaka hata kidogo.

Shaka aliyobaki nayo aliipeleka kwingine. Tabasamu alipogeuka kutoa risiti, Mwalimu alichomoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba wake, akadondosha nukta nyekundu nyuma ya kadi, pembeni ya bamba la chuma. Mkono ulimteleza, nukta ikaota kijimkia. Aliwaza: kadi nzuri kama hii ikikaa mikononi mwa Waya, nitajuaje kwamba iliyoingia ndiyo iliyobaki?

Jumamosi Waya alikuja kuunganisha. Alitandika kitambaa mezani, akapanga vifaa, akaanza kazi akiimba puani. Alipofika kwenye kadi, wimbo ukakatika. Akaipima mkononi, akainusa, akaitazama skrubu zake.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"Duka linalouza kadi."

Waya alimtazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Hakuimba tena. Honi ikapigwa nje. Mwanafunzi wa Mwalimu alikuwa amefika kwa somo lake, na ilimbidi aende. Somo zima alikuwa akitazama barabara, lakini akili yake ilikuwa mezani nyumbani. Mwanafunzi alipanda tuta kwa mwendo wa kuruka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, Mwalimu Breki alichelewa kukanyaga.

Aliporudi, kompyuta ilikuwa imesimama, inawaka, na Waya yuko pembeni yake. Akaketi, akavaa vipokea sauti, akamwita mdogo wake. Gemu ikafunguka. Lo! Barabara ilikuwa imenyeshewa na mvua, na taa za lori la mdogo wake zilielea juu ya maji.

"Dada! Hatimaye! Nifuate, kuna daraja nataka ulione."

Akamfuata. Wakapanda kilima, mdogo wake akaanza kumsimulia habari za mkuu wake mpya wa wodi. Katikati ya sentensi, mbingu ya gemu ikageuka zambarau. Miti ikavutika kama mpira. Lori la mbele likavunjika vipande vya pembe tatu, na picha yote ikaganda.

Waya aliiwasha upya. Ikaenda hatua chache, ikaganda tena.

Mwalimu aligeuza kiti taratibu.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Hiyo hapo ndani."

"Niliyokuachia ilikuwa nzima, nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu. Nimetoka, nimerudi, imekufa. Umeibadilisha, Waya."

Waya hakupandisha sauti. Alizima kompyuta, akaichomoa kadi, akafungua skrubu zake na kubandua feni. Chini yake palikuwa na kipande cheusi kilichopakwa ute wa kijivu. Akaufuta, akamulika kwa simu.

"Soma namba hiyo. Hii ni kadi ya zamani, dada, ya enzi ambazo mimi bado nilikuwa najifunza kazi. Mtu ameivisha feni mpya, ameipandikiza programu ya kudanganya. Ukiiuliza jina, inajitaja vingine. Ukiipa kazi, inaanguka. Nilishaona ni nyepesi, nikataka kukuambia. Ukanijibu duka linalouza kadi."

"Hivyo ndivyo ungesema hata kama ungekuwa umeibadilisha wewe."

Waya aliiweka kadi mezani. Mwalimu akaona ameshika kona, akakaza usukani.

"Na Mama Stoo alikuwekea nini mkononi? Usinidanganye, niliona kwenye kioo."

Waya alitazama chini.

"Alinipa changu. Fundi akipeleka mteja, anapewa kitu kidogo. Ni kweli, nimekula. Lakini vitu nilivyokuchagulia ni vitu, dada. Takataka sijakulisha." Akakusanya bisibisi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akatoka bila kuaga.

Kisha sauti ndogo ikatoka kwenye vipokea sauti vilivyoning'inia shingoni mwa Mwalimu. Simu ndiyo iliyobeba maongezi yao, nayo haikuwa imekatika.

"Dada, bado nipo."

"Umesikia?"

"Yote," alisema mdogo wake. "Mimi niko mbali, siwezi kujua nani mkweli. Ila wewe nakujua. Hujawahi kumwachia mtu kitu bila kujiwekea ushahidi. Huna?"

Mwalimu aliinuka. Aliichukua ile kadi iliyofunuliwa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma, pembeni ya bamba la chuma, nukta nyekundu ilikuwa pale pale. Aliikwangua kwa ukucha akitumaini ni doa jingine. Ilikuwa na kijimkia.

Akakaa kitako. Nukta ile aliiweka kumnasa binamu yake, na sasa ilikuwa inamtetea.

Waya alifanyia kazi zake kwenye kibanda chini ya ngazi za duka la vifaa vya ofisi, mahali ambapo kila anayepanda alimwaga vumbi juu ya kichwa chake. Mwalimu alimkuta ameinamia printa. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa karatasi, akingoja akaribishwe. Hakukaribishwa.

"Haikubadilishwa," alisema hatimaye. "Niliitia alama. Ni ile ile. Nisamehe, binamu."

"Uliitia alama kwa sababu yangu?"

Angeweza kusema uongo. "Ndiyo."

Waya alicheka bila furaha. "Na huyo aliyekuuzia, ulimtia alama gani?"

"Hakuna. Alinipa maji."

Safari hii Waya alicheka kweli, hata bisibisi ikamponyoka. Akaiokota, akaigeuzageuza.

"Na mimi nilipaswa kukuambia habari za Mama Stoo," alisema. "Mteja mwingine sawa. Wewe ni dada yangu."

"Ulipaswa," alisema Mwalimu. Msamaha hakuwa tayari kuugawa bure.

Walikwenda pamoja kwa Tabasamu. Aliwapokea kama wageni wa harusi, mpaka alipoiona kadi imevuliwa feni.

"Hii haijatoka kwangu, mama. Mimi niliuza kadi nzima. Fundi wako amekubadilishia." Akamgeukia Waya na tabasamu lake, kisha akamgeukia Mwalimu, kwa sauti ya huruma. "Si nilikuonya?"

Na hapo Mwalimu alihisi ile shaka ya zamani ikimnyemelea tena, laini, yenye kiyoyozi. Alikuwa na nukta nyekundu mfukoni mwa akili yake, ushahidi ambao Tabasamu angeukana, lakini bado shaka ilimnyemelea. Akashangaa jinsi ilivyo tamu kuambiwa kwamba adui yako ndiye yule uliyekwisha kumshuku.

"Sawa," alisema. "Basi tufungue nyingine." Akaonyesha rafu, palipokuwa na kadi ya namna ile ile, feni mbili zinazometa. "Fundi wangu ataifungua feni hapa mezani, wote tukiona. Ikiwa nzima, nitailipia bei yake yote, niondoke."

"Ukifungua, unaharibu waranti."

"Waranti ni yako. Nimesema nitalipa."

Dukani alikuwamo mteja mwingine, baba mmoja mwenye mvi aliyekuja na binti yake. Binti alikuwa ameshakumbatia boksi la kadi kama ile. Mtu mzima yule akasogea.

"Hebu ifunguliwe," alisema. "Na mimi nataka kuona."

Tabasamu hakuifungua. Aliishika kadi ile ya rafuni kwa mikono miwili, akaibana kifuani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapumzika. Bila tabasamu alionekana mdogo, na mwenye usingizi. Baba yule alimtazama, akamnong'oneza binti yake, na boksi likawekwa mezani polepole. Wakatoka.

"Mnanifukuzia wateja," Tabasamu alisema.

"Nitakaa hapa," Mwalimu alisema, akavuta kile kiti alichopewa siku ile, akakitazamisha mlangoni. "Kila atakayeingia nitamkaribisha. Nina subira, kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni."

Waliingia wawili, akawakaribisha. Kabla wa tatu hajafika, Tabasamu alifungua droo na kumrudishia fedha, pungufu kidogo, akisema ni gharama ya huduma. Waya alifungua mdomo kubisha. Mwalimu akamshika mkono. Pungufu ile aliiona kuwa haki yake mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wakavuka barabara. Kwenye ngazi zenye harufu ya rangi, Waya alisimama.

"Dada, kabla hatujapanda. Humu mimi hupewa kitu kidogo."

"Najua."

"Nakuambia tu, ili uwe umeambiwa."

"Basi leo mwambie akitoe kwenye bei yangu."

Mama Stoo alipoelezwa, alicheka mpaka maboksi yakatikisika. Akatoa, lakini kwa kuguna. Kadi waliyonunua ilikuwa fupi, yenye feni moja, isiyometa popote. Mwalimu alitaka ifunguliwe feni hapo hapo. Akaisoma namba mwenyewe, akailinganisha na ya kwenye boksi, akarudia tena. Mama Stoo alimngoja bila kukasirika. Akamwambia Waya kwamba kama wateja wote wangekuwa hivi, duka la ng'ambo lingefungwa.

Jumapili alasiri Waya aliipachika kadi, na Mwalimu na mdogo wake wakaendesha. Kadi ndogo haikuonyesha kila jani la mti, na maji ya barabarani hayakung'aa kama mara ya kwanza, lakini haikuganda. Walivuka kilima, mdogo wake akamalizia habari ya mkuu wa wodi, na daraja likatokea, refu, limening'inia juu ya ukungu. Wakasimamisha malori katikati yake, wakalitazama.

Kisha Mwalimu akampisha Waya kitini. Waya hakuwahi kuendesha chochote maishani mwake. Alilitoa lori darajani kwa kelele kubwa, akalipeleka moja kwa moja mtoni, na sauti ya mdogo wake ikajaa chumba, anacheka, anakohoa, anamwomba arudie.

Waya alipoondoka, Mwalimu alimsindikiza mpaka getini. Alirudi ndani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kompyuta. Alijiambia aiache. Akachukua bisibisi, akafungua mfuniko, akakagua: bodi, prosesa, ramu vipande viwili, diski, pawa saplai, kadi. Vilikuwa vyote, na nyaya zilikuwa zimefungwa kwa ustadi, pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna ambaye angeona.

Akaurudisha mfuniko. Kisha akampigia binamu yake simu kumwuliza kama amefika salama.